Nilivyokuwa Nikinunua Pawasaplai kwa Uzito

Mimi hakuna kitu ndani ya kompyuta kinachoweza kunishangaza. Wengine wataita majigambo, waite. Nimefungua kasha la kompyuta ya duka la mbao kule Nyakato, hapa Mwanza, nikakuta mjusi ametaga mayai mawili pembeni ya prosesa, pale penye joto zuri, na mashine inapiga kazi kama kawaida. Nimefungua ya hoteli moja ya ufukweni nikachota wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama moshi, nikajaza kopo la rangi la lita nne. Nimekuta hirizi. Nimekuta pete ya ndoa, na mwenye pete akaniomba kwa heshima zote nisimwambie mkewe ilikokuwa. Kwa hiyo mtu akinijia anasema, "Fundi, hii yangu ina maajabu," namwambia weka mezani, kaa, kunywa maji.

Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na sita na mwaka huu nimejistaafisha mwenyewe, maana sina mwajiri wa kunistaafisha. Nina miaka hamsini na nne. Macho ndiyo yaliyoniambia basi: visindano vya kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba kila kitu, vimeanza kuonekana kama nyasi. Shule niliishia darasa la sita. Lakini vijana wenye digrii za kompyuta walikuwa wanakuja mezani kwangu, simu mkononi, wananionyesha picha ya kioo cheusi, wananiuliza, "Mzee, hapa tatizo ni nini?" Siwataji. Wengine sasa ni wakubwa ofisini na wana wake zao.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaotaka kununua vipande na kuunganisha kompyuta ya mezani wenyewe. Nawaona mtandaoni mnavyodanganyana.

Kila mmoja wenu anaanza na prosesa. Ukimuuliza mashine yake ni ya kazi gani, anakutajia namba ya prosesa. Ni sawa na mtu anayetaka kujenga nyumba umuulize ina vyumba vingapi, akujibu, "Fundi, nimepata bati." Mimi nilikuwa namkalisha mteja namuuliza swali moja tu: ukiiwasha asubuhi, cha kwanza utafanya nini? Akijibu hesabu za duka, hahitaji kadi ya picha, ile inayochora video kwenye kioo. Namwambia weka hela kwenye diski nzuri na monita isiyoumiza macho. Akijibu video, hapo tunazungumza kadi ya picha, na ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, na feni. Akianza kuniangalia hivi, hajui, namwambia arudi kesho.

Alikuja mfanyabiashara wa nyavu kutoka Igogo. Nikamuuliza swali langu.

"Iwake," akasema.

"Zote zinawaka, bosi."

"Hapana, iwake. Nyekundu, bluu, kijani. Nimeona kwa mtoto wa jirani."

Nikamfungia feni sita zenye taa. Kazi yake ilikuwa barua moja kwa mwezi kwa wakala wake wa Dar. Jioni anaiwasha, anazima taa ya sebuleni, wanakaa na wageni wanaitazama. Hakuna mteja aliyewahi kunishukuru kama yule. Kwa hiyo msije mkamcheka mtu kwa anachotaka. Muulize, umpe.

Zamani mambo yalikuwa magumu kuliko mnavyojua. Kulikuwa na vifuniko vidogo kuliko punje ya mchele. Unavihamisha kwa kibano kutoka sindano hii kwenda ile, ndipo mazabodi ielewe mwendo wa prosesa uliyoiwekea. Ukikosea, unaunguza. Siku hizi inajitambua yenyewe, na diski imekuwa nyembamba kama biskuti, unaichomeka unafunga skrubu moja. Mnalalamika nini?

Lakini bado mnaharibu, na mnaharibu palepale tulipoharibu sisi. Kabla hujagusa chochote, shika chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini ukutoke. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto, weka kiasi cha punje ya choroko. Kuna mteja wangu wa Butimba pesti ilimwishia akapaka dawa ya meno. Siku mbili mashine ikaenda vizuri, ya tatu ikazima, na ofisi ikanukia mnanaa mwezi mzima. Na kabla hujafunga kitu ndani ya kasha, unganisha kwanza nje, juu ya boksi la karatasi lililokuja na mazabodi, uwashe. Ikiwaka ndipo uiingize. Isipowaka, umeokoa skrubu tisa za kufungua.

Halafu vimiguu. Mazabodi haikai moja kwa moja juu ya bati la kasha. Inakaa juu ya vimiguu vidogo vya shaba unavyovifunga kwanza, ili sehemu ya chini isiguse chuma. Mashine yangu ya kwanza kabisa niliviona, nikadhani mapambo, nikaviacha kwenye kifuko chake. Nikawasha. Paa! Moshi.

"Masalu," mwalimu wangu akaniita kutoka meza ya nyuma, hata kichwa hajainua. "Umepika nini?"

Hakunipiga wala kunifukuza. Alichukua kimguu kimoja, akakitia uzi, akanivisha shingoni. Mwezi mzima. Wateja wananiuliza, "Kijana, hiyo ni dawa?" Yeye anawajibu, "Dawa. Ya kichwa."

Huyo ni Jayantibhai. Mhindu, fundi redio aliyeongeza na kompyuta, familia yake iko mjini Mwanza tangu babu yake, na Kisukuma anakiongea kuliko watoto wangu wenyewe. Akina mama wakitoka vijijini na redio zao kichwani anawapokea kwa salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu," wanabaki wanacheka mlangoni, bei hawaiulizi tena. Nilimpata kwa ajili ya samaki. Nilikuwa mpimaji wa samaki kwenye mwalo mmoja, pale mitumbwi inaposhusha, upande wa Igogo, na mizani yetu ya umeme ikafa, wakanituma niipeleke kwake. Nikasimama kumwangalia anavyoifungua. Akamaliza, akanipa. Nikaipeleka mwaloni, nikaikabidhi, nikarudi kwake palepale. Sikuwahi kupima samaki tena.

Mkono wa mpimaji lakini sikuuacha. Sikilizeni, hii si hadithi ya kujisifu, ingawa ningeweza. Mimi nilikuwa nainua sangara kwa vidole viwili kwenye mashavu, nataja uzito wake kabla hajagusa mizani, na mizani ilikuwa inakuja kunithibitisha. Kulikuwa na watu wanasukumia mawe kooni mwa samaki ili azidi uzito. Kwangu hawakupita. Samaki mwenye jiwe ananing'inia vibaya, uzito wote uko tumboni, mkia mwepesi. Namrudishia mwenyewe: "Toa abiria wako kwanza." Kwa hiyo waliniita Mizani, na jina likanifuata mpaka kwenye kompyuta. Fundi Mizani, muulizeni yeyote.

Sasa pawasaplai. Ndilo lile boksi la chuma nyuma ya kasha, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kiungo. Vijana wengi mnaifikiria mwisho, hela zikishaisha. Hapo mnakosea. Prosesa mbaya itakuwa polepole. Pawasaplai mbaya itaua kila kilichounganishwa nayo. Na lebo yake haiaminiki. Wanaandika wati mia sita, ndani hakuna hata mia mbili. Wenzangu walikuwa wananunua kwa lebo, mashine zinarudi. Mimi nikasema nina mkono. Pawasaplai nzuri ina koili za shaba, ina bati pana la kupooza joto, ina kapasita nono, vile vikopo vinavyotunza umeme. Vyote hivyo vina uzito. Mbovu ni nyepesi kama boksi la maandazi. Mzigo ukishuka kwenye basi kutoka Dar, nilikuwa napita nainua moja moja: hii ndiyo, hii ndiyo, hii rudisha. Miaka na miaka, sikurudishiwa mashine. Mafundi wa mjini walikuwa wananiita nikawapimie mizigo yao.

Jayantibhai hakupenda.

"Mkono wako unajua nyama na mfupa," aliniambia. "Shaba huijui. Fungua uone."

"Nikifungua nachana stika ya garantii."

"Garantii ya nani? Ya basi lililoileta?"

Nikacheka. Alikuwa ameshaacha kazi wakati huo, anakuja dukani kwangu kunywa chai na kutafuta makosa.

Basi akaja mwalimu Nyangeta. Mjita, kwao kandokando ya ziwa kule Majita, amefundisha shule ya msingi miaka tisa, kisha akaacha, akapanga chumba kimoja Nyakato, akaanza kuhariri video za harusi. Kwao walimwona kachanganyikiwa. Akiba yake yote ya ualimu alitaka iingie kwenye mashine moja. Anaongea taratibu kama anaandika ubaoni.

Tulichagua pamoja siku mbili. Prosesa, akakubali. Ramu, akauliza kwa nini mbili badala ya moja kubwa. Nikamweleza kwamba mbili zinabeba kwa mikono miwili. Kadi ya picha alitaka ya bei ya chini, nikamkatalia, nikamwambia kwa video hii ndiyo ng'ombe wako wa kulimia. Tukafika kwenye pawasaplai. Nikamwekea mkononi.

"Pima mwenyewe."

"Nzito."

"Basi hiyo."

"Ndani umeiona?"

"Mwalimu, wewe ukinunua tikiti unalipasua sokoni?"

"Kama ni la harusi, nalipasua."

Alichekesha watu wote dukani. Na mimi nilicheka, nikaifunga ilivyo, stika haijaguswa. Nikamuuzia na stebileza juu yake, maana umeme wa Nyakato viwanda vikiwaka unacheza.

Mashine ikaenda miezi mitano kama saa. Mwalimu akapata kazi kubwa: harusi ya siku tatu ya familia moja ya wafanyabiashara wa mjini, ukumbi umejaa, wageni mpaka wa Kampala. Hii ikienda vizuri, alijua, hizo familia zinapeana namba. Ikiharibika, zinapeana pia. Jumanne saa nne asubuhi akanipigia.

"Fundi. Imelia kama chupa imepasuka, halafu kimya. Kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Samaki aliyeungua."

Nikajua ni kapasita. Harufu yake ndiyo hiyo. Nikapanda bodaboda.

Nilipoingia tu nikasema, "Umeme wa hapa, mwalimu, umeme wa hapa."

Akanyoosha kidole kwenye stebileza niliyomuuzia mwenyewe. Mshale umetulia palepale panapotakiwa.

Nikapima. Mazabodi imekufa. Kadi ya picha imekufa. Nikaweka sikio kwenye diski, haizunguki, haitetemi. Yeye amesimama nyuma yangu.

"Hiyo diski ndiyo harusi," akasema.

"Kadi za kamera?"

"Mpiga picha alizichukua Jumapili. Ameshazifuta, ana harusi nyingine Geita."

"Hukuweka nakala?"

"Ilikuwa inanakili, nikaianzisha na kuhariri hapohapo kuokoa muda. Ndipo ikalia."

"Wanataka lini?"

"Jumamosi. Jumapili bibi harusi anasafiri na mume wake."

"Anaenda wapi?"

"Fundi, anakokwenda kunakuhusu nini?"

Kweli hakukunihusu. Nilikuwa natafuta cha kusema. Siku tatu za watu, mabibi waliotoka mbali kuonwa mara moja, haziwezi kurudiwa. Na mwalimu asingeweza kurudi darasani. Nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Nikachukua bisibisi nikachana stika, nikafungua ile pawasaplai sakafuni kwake. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na kipande cha chuma. Chuma bapa, kikubwa kama kipande cha sabuni ya mche, kimegandishwa kwa gundi nyeusi. Hakina waya hata mmoja. Nilikibandua kwa bisibisi, nikainua kilichobaki kwa vidole viwili. Boksi la maandazi.

Nyangeta akainama akakiokota.

"Hiki kinafanya kazi gani?"

"Kinaongeza uzito."

"Kwa ajili ya nani?"

Miaka yote niliyorudisha sangara wa watu. Mtu fulani, huko kilikotengenezwa, alijua kwamba duniani kuna fundi anayenunua kwa mkono, akamtengenezea.

"Kwa ajili yangu," nikasema.

Sikumwambia diski itapona. Nilimwambia ukweli, kwamba mimi hapo nimefika mwisho, na kwamba kuna mtu mmoja. Tukapakia diski kwenye mfuko wa kitenge, tukaenda mjini, ghorofani, kwa Jayantibhai.

Wakati huo alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, lakini macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta samaki?"

Nikaweka kile chuma mezani. Akakitazama, akanitazama. Ningependa angenitukana.

Akaomba diski. Akaigeuza, akafungua skrubu za kibao chake kidogo cha kijani, akaweka mita. Mita ikalia. Akamwita Nyangeta asogee aone, mimi akaniacha nilipo.

"Hapa penye plagi ya umeme, unaona hiki kidude cheusi? Ni dayodi. Huyu ni mlinzi. Umeme ukija mwingi kupita kiasi anajitoa mhanga, anaufunga njia yeye, usiingie ndani. Amekufa, na maiti yake bado iko mlangoni, ndiyo maana diski haiwaki. Tukimtoa, mlango unafunguka."

"Ndani ni kuzima?"

"Sijui. Nadhani."

"Na mlinzi mwingine?"

"Hakuna. Itabaki wazi. Ukiipa umeme mbaya mara moja tu, kwaheri. Unanakili haraka, basi, huitumii tena."

"Ukikosea kukata?"

"Nitakuwa nimeiua. Na sasa hivi imekufa."

Nyangeta akafikiri. "Kata."

Jayantibhai akatafuta kikatio chake, hakukiona. Vifaa vyake vyote alishanipa mimi. Akamwomba mkwewe kikatio cha kucha. Mama yule akakileta, akauliza kucha za nani, hakujibiwa. Mzee akaegemeza viwiko mezani mikono isitetemeke. Tik. Kidude kikarukia kwenye sahani ya chai.

Tukaiunganisha kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Mimi nikawasha, maana mzee alisema, "Wewe washa, wewe ndiye uliyeizima." Sekunde moja hakuna kitu. Halafu diski ikaanza kuimba, ule mwimbo wake mwembamba unaopanda, na kwenye kioo folda ikatokea: Harusi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nyangeta akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kunakili kwenye diski mpya tuliyoinunua njiani kulichukua saa sita. Jayantibhai alihamishia kiti chake pembeni ya soketi ya ukutani, akalaza fimbo mapajani, na mjukuu yeyote aliyekaribia alinyooshewa. Hakuna aliyepika kwa umeme nyumba ile siku hiyo. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nyuma ya mawe ya ziwani, faili la mwisho likaingia. Mwalimu alilifungua akalitazama mpaka mwisho, wanawake wanacheza, bibi mmoja anatupa petali. Akafunga. Akatoa diski mpya, akaitia kwenye mkoba wake, akaushika kifuani.

Nikadhani yameisha. Nikamwahidi mazabodi mpya, kadi mpya, kila kitu, kesho asubuhi, bure. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayepokea daftari lililochelewa.

"Fundi. Vyuma hivi umewafungia watu wangapi?"

Nilijua hesabu. Mzigo ule niliupima mwenyewe.

"Pamoja na wewe, kumi na tisa."

"Wanajua?"

"Hawajalalamika."

"Na mimi jana sikulalamika."

Nikamtazama Jayantibhai anitetee. Alikuwa anatafuta kile kidayodi kwenye sahani.

"Mwalimu, nikienda kuwaambia, jina langu litabaki nini? Mjini hapa mashine ya Mizani hairudi. Ndiyo kazi yangu yote hiyo."

"Hairudi kwa sababu wewe ndiye utakayeifuata," akasema. "Unaanza lini?"

Nilianza Alhamisi. Jumatano nilikuwa kwake namfungia mashine upya, na ile pawasaplai mpya aliichana stika mwenyewe, akahesabu koili mwenyewe, akanirudishia bisibisi. Jumamosi video ilichukuliwa. Nasikia walilia wote, jambo ambalo kwenye kazi ile ndilo sifa.

Kwenda kwa watu kumi na nane kuwaambia umewauzia chuma, si rahisi kama kusoma hapa. Mwenye duka la dawa Igogo alicheka mpaka akakaa chini, akaita majirani: "Njooni mumwone Mizani, mizani imemgeuka!" Butimba mwalimu mmoja wa chuo alikataa kabisa nisiiguse. "Inafanya kazi," anasema, amesimama mbele ya mashine mikono imetanuka kama kipa. Nikamtolea chuma cha mwenzake nikampa akishike. Akasogea pembeni. Mmoja aliniuliza kama nimeokoka. Wawili walisema wataenda kwa fundi mwingine kuanzia siku hiyo, na walikwenda. Mmoja, mwenye nyavu wa taa za rangi, alinikumbatia. Hakuelewa nilichomwambia, alifurahi tu kwamba nimekuja kumwona.

Na zile kumi na nne za mzigo ule zilizobaki dukani, ambazo ningeweza kuziuza mji mwingine wala asijue mtu, nilizipasua mbele ya duka mchana, nyundo mkononi, ili mkono usije ukanishawishi.

Tangu hapo nilifungua kila pawasaplai kabla sijaiuza. Nanyi fungueni. Mulikeni kwa taa kwanza, mtazame: koili mbili kubwa karibu na mlango wa umeme, bati la kupooza pande zote mbili, na kama kuna kitu hakina waya, ulizeni kinafanya nini hapo. Uzito si mwongo wakati wote; shaba kweli ni nzito. Ila na chuma ni kizito, na chuma ni rahisi. Stika ya garantii ichaneni. Sijawahi kumwona mtu aliyefuata garantii ya pawasaplai akarudi nayo.

Wa kumi na tisa alikuwa amehamia Ukerewe. Nikapanda feri, boksi mapajani. Jina lake Lukasi, Mkerewe, ana kibanda cha kuchapa barua karibu na gati la Nansio. Nilimkuta anachapa maombi ya kazi ya msichana fulani, ikabidi nisubiri amalize. Nikamsimulia habari nzima, nikafungua mashine yake, nikatoa chuma, nikafunga pawasaplai ya kweli, nikawasha. Ilichukua dakika ishirini.

Akakigeuzageuza kile chuma.

"Umevuka ziwa kwa ajili ya hiki?"

"Nimevuka."

"Nikulipe kiasi gani?"

"Bure."

"Bure ya nani, kaka? Hakuna kitu cha bure kwenye feri. Mwenzako anauliza tu: zote kumi na nane, na hiyo ya mwalimu iliyoungua, na ulizozipasua, na nauli, jumla imekula ngapi?"

Nilikuwa sijamwambia mtu, hata mke wangu nilimtajia nusu. Lakini yule alikuwa wa mwisho, na feri ya kurudi ilikuwa bado saa nzima, nikakaa kwenye benchi lake nikamtajia yote: shilingi milioni tatu, laki tano na elfu sitini na nane, na mia tano.